Pembe Iotayo Mtini

Mpini wa kisu cha mezani ni kitu kidogo. Urefu wake hauzidi sana upana wa kiganja cha mtu. Lakini katika karne ya 19 mpini huo ulisafiri mwendo mrefu kuliko wengi wa wale walioushika. Ulianzia kinywani mwa ndovu, katika nyika za Unyamwezi au misitu ya Manyema. Ukabebwa begani hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Ukavuka kwa jahazi hadi Unguja, ukapimwa kwa frasila, ukatozwa ushuru wa forodha, kisha ukapakiwa melini kwenda Ulaya. Baadhi ya pembe hizo ziliishia Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu, ambako fundi alizikata, akazitoboa, akaingiza ndani yake ncha ya nyuma ya bapa la chuma, na kuzisugua hata zikang'aa kama maziwa.

Historia ya pembe imeandikwa mara nyingi, na watu wa visiwa vyetu wanaijua kwa sababu imejengwa katika kuta za miji yao. Historia ya mimea iliyoletwa kushika nafasi ya pembe haijasimuliwa sana. Nayo ni historia ya kweli, yenye miaka yake, mafundi wake na matumaini yake. Zaidi ya mara moja ilitangazwa kwamba sasa ndovu atapumzika, kwa kuwa mti umeweza kutoa kile alichokuwa akiuawa kwa ajili yake. Na zaidi ya mara moja ndovu hakupumzika. Kwa nini iwe hivyo ni swali ambalo jibu lake linamhusu mnunuzi kuliko linavyouhusu mti.

Kwanza ni pembe yenyewe. Wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani waliigawa pembe ya Afrika katika mafungu mawili, pembe ngumu na pembe laini. Pembe iliyopitia Unguja ilikuwa kwa sehemu kubwa ya fungu la pili. Haikupasuka kwa urahisi, ilikubali msumeno, na weupe wake ulidumu. Kwa hiyo ilitafutwa kwa vichana, kwa mipira ya biliadi, kwa mipini ya visu, na zaidi ya yote kwa vibao vya piano. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za Salem, Massachusetts, zikawa wageni wa kawaida bandarini Unguja, zikileta nguo za merikani na kuondoka na pembe, ngozi na sandarusi. Huko Connecticut miji miwili midogo, Deep River na Ivoryton, iliishi kwa pembe hiyo. Jina la mji huo wa pili maana yake ni mji wa pembe. Vibao vya piano vilianikwa humo katika nyumba za vioo, vikipigwa na jua wiki baada ya wiki hata manjano yake yaondoke.

Gharama ya weupe huo ililipwa kwingine. Wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira na kwa fahari ya safari. Wengine walikuwa watumwa, na wengi wa watumwa hao walitekwa katika vita vile vile vilivyopiganwa kwa ajili ya pembe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, na humo pembe hutajwa kwa hesabu ya mtu aliyeijua kazi yake. Mmarekani E. D. Moore, aliyekuwa mnunuzi wa pembe Unguja mwanzoni mwa karne ya 20, alichapisha mwaka 1931 kitabu ambacho jina lake lenyewe laiita pembe kuwa janga la Afrika. Wahenga walisema ndovu halemewi na mkonga wake. Pembe zake zilimlemea, na zikawalemea pia waliozibeba.

Sasa mti. Katika misitu yenye unyevu ya Ecuador, Kolombia, Panama na Peru huota mnazi mfupi wa porini ambao wenyeji huuita tagua. Wataalamu wa mimea wa Kihispania, Ruiz na Pavón, waliupa jina la kisayansi mwaka 1798: Phytelephas, maneno mawili ya Kiyunani yaliyounganishwa, mmea na ndovu. Jike na dume ni miti mbalimbali. Jike huzaa vichwa vikubwa vyenye miiba butu, na ndani ya kila kichwa mna kokwa nyingi, kila moja ikikaribia yai la kuku kwa ukubwa.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana jinsi kokwa hiyo inavyokomaa, kwa kuwa ameliona jambo hilo hilo mnazini kwake. Mwanzo ni maji, matamu, ya kunyweka kama ya dafu. Kisha maji huganda yakawa utando laini wa kulika kwa kijiko. Tofauti huja baada ya hapo. Nazi hukoma katika ugumu wa kukunwa kwa mbuzi, lakini tagua huendelea. Chembechembe zake hujijengea kuta nene za sukari iliyoshikamana, hata kokwa nzima ikawa ngumu, nyeupe, yenye uzito, isiyoingia kisu bila kazi. Ikikaushwa, hukerezwa kama pembe, hupigwa tupa na msasa kama pembe, hukubali rangi na nakshi, na ikisuguliwa hung'aa kwa mng'ao ule ule wa chini chini ambao plastiki haijaupata.

Katika karne ya 19 wakerezaji wa Ulaya walijifunza kuitumia. Walitengeneza vibweta vya sindano, kete, sataranji, vichwa vya bakora, na vipambo vya mipini midogo. Ujerumani ilipokea shehena zake kupitia bandari ya Hamburg. Italia ikawa na mafundi wake. Na huko Rochester, katika jimbo la New York, viwanda vikubwa vilisimama kwa kazi moja tu, kutengeneza vifungo vya nguo kwa tagua. Hukadiriwa kwamba katika miaka ya 1920 kifungo kimoja katika kila vitano vilivyotengenezwa Marekani kilitokana na kokwa hiyo. Mamilioni ya watu walivaa pembe ya mti vifuani mwao bila kujua jina lake.

Hata hivyo tagua ilikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ilikuwa ya maumbile. Kokwa ni ndogo, na mara nyingi ina uwazi katikati, pale maji yalipokuwa. Mpini mzima wa kisu cha mezani hautoki ndani ya kitu cha ukubwa wa yai. Fundi anayetaka kuitumia huipasua vipande vyembamba, akavigandisha pande mbili za chuma, au akaitia kama kishaufu kati ya mti na bapa. Tena tagua hunywa maji. Ikilowekwa kwa muda mrefu hulainika na kupoteza umbo. Pembe nayo ilikuwa na kasoro yake, kwa kuwa maji ya moto yaliipasua na kuilegeza gundi, hata wenye nyumba wakaonywa wasitumbukize mipini ya visu katika maji ya kuoshea vyombo. Lakini kasoro ya pembe ilisamehewa. Ya tagua haikusamehewa, na kokwa ikabaki kwenye vifungo.

Mbadala wa pili nao ulitoka katika mimea, ingawa ulipitia maabara. Mwaka 1862, katika maonyesho ya kimataifa ya London, Alexander Parkes alionyesha vitu vilivyofinyangwa kwa selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki. Wakati huo huo huko Marekani mchezo wa biliadi ulikuwa umeenea, na mipira yake ilichongwa kwa pembe tu. Pembe moja ilitoa mipira michache. Kampuni moja ya New York ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kushika nafasi yake. Mpiga chapa wa mji wa Albany, John Wesley Hyatt, aliingia katika kazi hiyo, na mwaka 1870 yeye na nduguye Isaiah walipata hataza ya kitu walichokiita seluloidi.

Viungo vyake viwili vikuu vilikuwa pamba na kafuri. Pamba ililowekwa katika asidi, na kafuri, iliyokamuliwa kutoka katika miti ya Taiwan na Japani, ikaifanya iwe laini chini ya moto na ngumu baada ya kupoa. Pwani yetu inavijua vitu hivyo viwili kwa kazi nyingine: pamba na karafumaiti ndivyo vinavyowekwa tayari maiti anapooshwa na kukafiniwa. Viwandani vilipewa kazi ya kukiiga kiungo cha mnyama aliyeuawa.

Seluloidi haikuwa na mipaka ya tagua. Ilitoka kiwandani kwa mabamba na kwa vijiti, kwa ukubwa wowote. Mafundi wakagundua jinsi ya kubandika tabaka nyingi nyembamba, moja nyeupe na moja ya rangi ya maziwa, kisha kuzikata kwa upande, hata zikaonyesha mistari kama ile ya ndani ya pembe. Bidhaa hiyo iliuzwa kwa jina la pembe ya Kifaransa. Vichana, vioo vya mkononi, kola za mashati na mipini ya visu vikajaa madukani kwa bei ambayo karani na mshonaji waliiweza. Waliouza seluloidi walijigamba kwamba wamemkomboa ndovu na kobe, kama mafuta ya taa yalivyomkomboa nyangumi.

Ilikuwa na maradhi yake. Ilishika moto upesi na kuungua kwa ukali. Ikizeeka, hutoa hewa yenye asidi. Wenye kukusanya visu vya kale wanaijua hasara hiyo: mpini wa seluloidi uliofungiwa ndani ya sanduku kwa miaka mingi huanza kuvunjika, na asidi yake huila chuma iliyo karibu, hata bapa lisilo na hatia katika kisu cha jirani likashika kutu. Mpini wa pembe wa karne ya 19 waweza kuwa na nyufa, lakini haudhuru chuma.

Swali sasa ni kama ndovu alipumzika. Katika miongo iliyofuata mwaka 1870, wakati tagua na seluloidi zilipokuwa zikijaza maduka, pembe iliyoingia Ulaya na Marekani haikupungua. Ilifikia mamia ya tani kila mwaka. Misafara ya kutoka Unguja na Bagamoyo ililazimika kwenda mbali zaidi, hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa kuwa ndovu wa karibu walikuwa wamekwisha.

Sababu yake si ngumu kuiona. Wengi walionunua kichana cha seluloidi hawangenunua kamwe kichana cha pembe. Fedha hawakuwa nazo. Mbadala haukumwondoa mteja wa pembe sokoni. Ulileta mteja mpya, ukampa kitu kilichofanana na kile alichokitamani. Na kadiri vya kuigiza vilivyoenea, ndivyo mwenye nacho alivyotaka kuonekana kuwa chake ni cha asili. Jina lenyewe la bidhaa liliisifu pembe: mfanyabiashara hakusema kwamba kitu chake ni kizuri kwa kuwa ni pamba, alisema ni kizuri kwa kuwa chafanana na pembe. Kila mpini wa kuiga ukawa tangazo la ule wa kweli. Piano nazo ziliongezeka mwaka hadi mwaka katika nyumba za tabaka la kati, na wenye piano nzuri waliendelea kutaka pembe chini ya vidole vyao. Viwanda vya Connecticut viliendelea kuikata hadi miaka ya 1950, ambapo plastiki ilishinda na piano yenyewe ilikuwa imepoteza heshima yake ya zamani sebuleni.

Karne ya 20 ilirudia somo hilo kwa ukali zaidi. Mwaka 1979 ndovu wa Afrika walikadiriwa kuwa milioni 1.3, mwaka 1989 walikuwa kama 600,000. Plastiki ya kila aina ilikuwapo wakati huo, nyeupe kuliko pembe na rahisi kuliko pembe, lakini haikumzuia mtu aliyetaka muhuri wa jina lake uchongwe kwa pembe halisi. Julai 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe mjini Nairobi, na mwaka huo huo nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliamua kuifunga biashara ya pembe ya kimataifa. Hapo ndipo tagua ilipokumbukwa tena. Mwaka 1990 shirika la Conservation International lilianzisha mpango wa kuiuza kwa watengenezaji wa nguo na mapambo, ili wanakijiji wa Ecuador wapate faida katika msitu uliosimama kuliko msitu uliokatwa. Wachongaji na wafua visu wakaanza kuiagiza upya.

Mpango huo ulikuwa na manufaa yake, hasa kwa msitu. Lakini pembe iliendelea kudaiwa na wanaoitaka kwa jina lake. Mwaka 2008 yaliruhusiwa mauzo ya zaidi ya tani 100 za pembe za ghala kutoka kusini mwa Afrika kwenda Uchina na Japani. Tanzania ilihesabu ndovu wapatao 109,000 mwaka 2009, na 43,000 tu mwaka 2014. Hali ilianza kugeuka pale sheria na fikra za wanunuzi zilipogeuka pamoja. Uchina ilifunga soko lake la ndani mwishoni mwa mwaka 2017, na sheria ya Uingereza ya kuzuia biashara ya pembe, hata zile za kale isipokuwa chache, ilianza kutumika mwaka 2022. Katika miaka hiyo wateja wengi vijana walifikia kuiona pembe mkononi mwa mtu kuwa aibu. Aibu hiyo ilifanya kazi ambayo kokwa na kiwanda havikuweza kuifanya kwa miaka 150.

Hata hivyo si haki kuiacha habari hii Amerika, kwa kuwa pwani ya Afrika Mashariki ina pembe yake ya mti. Ni mkoma, ambao wengine huuita mkoche, mti wa jamii ya mnazi ambao shina lake hugawanyika kama uma na majani yake hutoa miaa ya mikeka na makawa. Tunda lake la kahawia, lenye nyama ya nyuzi, limewashughulisha watoto wengi wa Lamu na Tana kwa kutafunwa. Ndani yake mna kokwa ngumu nyeupe, binamu wa tagua. Matunda ya jamaa yake wa Misri yalikutwa katika makaburi ya Mafirauni. Huko Keren, nchini Eritrea, wakati wa utawala wa Kitaliano, kiwanda kilitengeneza vifungo kwa kokwa za aina hiyo. Kaskazini mwa Namibia wachongaji huparua ngozi ya kahawia ya kokwa ya jamaa mwingine wa mti huo, wakachora twiga na ndovu kwa weupe unaojitokeza chini yake.

Kuna jambo moja katika maisha ya mkoma ambalo mafundi wa Sheffield wasingelijua. Tunda lake ni chakula cha ndovu. Hulimeza zima, nyama ikasagika tumboni, na kokwa ikatoka mbali na mti mama pamoja na mbolea yake. Kwa hiyo mikoma kadha wa kadha ya nyikani ilipandwa na ndovu. Mnyama aliyewindwa kwa ajili ya pembe amekuwa akisambaza, tangu kabla ya msafara wa kwanza, mbegu za ile ambayo ingetosha kwa vifungo na vishaufu vyetu. Ndovu akitoweka, mti nao hupoteza mmoja wa wapanzi wake, na mbadala huenda na kile ulichokuja kukiokoa.

Watu wa visiwa wana ushahidi mwingine kuhusu thamani ya pembe, nao ni wa zamani kuliko seluloidi. Pate ilikuwa na siwa ya pembe, yenye urefu unaozidi mita mbili, iliyochongwa nakshi na kukadiriwa kuwa ya karne ya 17. Lamu ilikuwa na siwa yake, nayo ni ya shaba. Kulikuwa na nyingine za mbao. Umbo la siwa ni umbo la jino la ndovu, na kwa hesabu ya soko ya pembe ingepaswa kuwa juu ya zote. Lakini siwa ya Lamu ilipolia katika harusi ya waungwana, hakuna aliyeketi akasema kwamba hiyo ni ya kuigiza. Heshima ilikuwa ya mji, ya ukoo, ya sherehe na ya pumzi ya mpigaji. Siwa hizo mbili, ya pembe na ya shaba, zimehifadhiwa leo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwenye kuzitazama hahitaji kuuliza ipi ndiyo siwa ya kweli.